Saa Kumi na Moja Pungufu

Kijana wa tiketi, Darajani, hakunificha:
"Bi Mgeni, ndege hii ya Jumanne,
katika safari tano, mbili huchelewa."
Nikacheka. Nikalipa.
Ile ya Alkhamisi ilikuwa ghali,
na khitma ya dada yangu haikungoja Alkhamisi.

Basi nimekaa Kisauni, ukumbi wa kusubiri,
na mkate wa kumimina mapajani,
nimeupika kwa mpwa wangu Kwahani,
ungali na joto ndani ya kitambaa.
Saa tisa alasiri, ndivyo ilivyoandikwa.
Saa kumi kioo kikasema: saa kumi na mbili.
Saa kumi na mbili kioo kikanyamaza,
kikatangaza manukato.

Mwenye koti la buluu akatupitia na maji,
vichupa vya kusukutulia mdomo.
"Samahanini. Ni kudura ya Mungu."
Watu wakaitika alhamdulillahi kwa kila hali,
wakaitika, hata yule mzungu aliyeungua pua.
Mimi sikuitika.

Miaka ishirini na sita nimepima karafuu Wete.
Mungu huteremsha mvua juu ya majamvi, kweli,
wala hatumdai.
Lakini gunia likifika bandarini limepungua
hatusemi kudura. Twauliza:
nani alikuwa na ufunguo wa ghala?

Nikamwita. "Mwanangu, jina lako?"
"Ussi."
"Ussi, mbingu hii ina wingu gani?"
Akatazama nje. Nyota zimetoka zote.
"Na ndege iko wapi?"
Akameza mate. "Imepelekwa njia nyengine, bibi.
Huko abiria walikuwa wengi zaidi."
"Aliyeipeleka ana kalamu?"
"Anayo."
"Basi usimsingizie Mola."

Nikageuza tiketi. Nyuma yake maandishi
madogo kama mayai ya sisimizi.
Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti,
sauti ile ya kuitia wakulima kwenye mizani:
chakula. Simu. Pa kulala, safari ikilala.
Na fidia, kama kampuni haina udhuru.
Akasogea mama wa Micheweni na pacha wake,
akasogea seremala mwenye mkataba mpya
ambao asipofika asubuhi atapewa mwengine,
akasogea mzungu na pua yake.
"Hebu soma tena hapo kwenye fidia."

Saa tatu usiku wali ukaja.
Umepoa, lakini wali.
Pa kulala hatukupata. Tulipata mablanketi saba,
tuko watu themanini na mmoja.
Mkate nikaukata kwa kadi ya benki.
Pacha wakala ukingo, ule unaoungua kidogo,
ambao Zuwena akiugombania tangu tuna meno ya utoto.

Tuliruka saa nane usiku.
Maskati nilifika majamvi yameshakunjwa,
shemeji anafagia kokwa za tende.
Hakuniuliza kitu. Akanimiminia kahawa.

Sasa fomu imekuja, kurasa nne.
*Taja hasara uliyopata, kwa tarakimu.*
Mkate mmoja: mayai, sukari, tui, makaa,
nimejumlisha.
Simu. Teksi. Nimebandika na risiti.
Chini yake pana mstari mtupu.
Nimeweka kalamu, nimeiondoa.

Karafuu ina daraja, ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na bei ya kila daraja tuliibandika mlangoni
mkulima aione kabla hajatua mzigo.
Hii sijui nani angeipima.
Aya moja ya Yasin niliyokuwa niisome mimi,
nafasi moja kwenye jamvi, karibu na mlango,
waliyoniwekea mpaka walipochoka.

Nimeandika: *pungufu, saa kumi na moja.*
Bei nimewaachia waijaze wenyewe.
Ila sahihi nimetia, na tarehe,
na nakala nimebaki nayo.