Alama za Donats

Ofisi ya wilaya ilinipa fomu, kurasa mbili,
nikague njia ya maziwa matatu:
alama ngapi, umbali gani, madaraja yakoje.
Veneranda alinipa kopo la rangi.
"Fomu haina uzito," alisema. "Beba na hiki."

Tuliingia msituni saa kumi na mbili unusu,
umande ukilowesha viatu kabla hatujapata la kuzungumza.
Huku Latgale, Mei ni mwezi wa maji:
maji ndani ya nyayo, maji chini ya kuvumwani,
maji yaliyosimama kati ya misonobari
kama yaliyosahau yalikuwa yakienda wapi.

Kila hatua mia, mti; kila mti, mstari wa buluu,
mpana kama viganja viwili, juu ya kichwa changu.
Donats alikuwa mrefu.
Mlango wa kanisa ulimjua kwa paji la uso.
Mti hurefuka nchani, Veneranda alinieleza,
shina halipandi, hunenepa tu:
alama hukaa pale pale mkono ulipoiacha,
ila hutanuka, hupasuka,
kama maandishi kwenye fulana ya mtu aliyeshiba.

Yeye ananifikia begani.
Mwaka wa kwanza wa ujane alitembea na kigoda.
Mwaka wa pili alikiacha gatini, wavuvi wakikalie.
Sasa hupaka chini, usawa wa kifua chake,
na ule wa zamani huuacha ufifie juu ya wake.
Basi kila mti una mistari miwili,
na fomu yangu ina kisanduku kimoja.

Ziwa la kwanza, pana, halifichi kitu.
Kibisi alizama hapa, akaibuka pale usipotazama.
Ziwa la pili, biva walikuwa wameangusha mti
na mti ukaangusha daraja.
Niliandika: daraja bovu.
Nilipoinua kichwa alikwishavuka,
viatu mkononi, sketi imekunjwa magotini,
ananiita kwa jina la baba yangu.

Kabla ya la tatu njia hupinda kushoto
na ramani hupinda nayo.
Lakini kulia, kwenye mti wa gome jeupe,
niliona buluu. Kisha nyingine. Kisha nyingine,
zote za juu, hakuna ya chini.
"Hizi hazimo," nilisema, kidole juu ya ramani.
"Hazimo."
Vyura walinyamaza, wakaanza tena.
"Miaka mitatu napita hapa
nikiangalia kushoto."

Tukazifuata.

Kilikuwa kidimbwi tu; ng'ombe watatu wangekimaliza kwa kiangazi kimoja.
Maji meusi, chai iliyosahauliwa jikoni.
Ukingoni, ubao juu ya visiki viwili,
upana wa mtu mmoja.
Alikaa. Miguu yake haikugusa chini.
Mkono wake ukapapasa chini ya ubao
ukatoka na kopo la samaki lenye kutu,
limejaa vishungi vya sigara,
zile sigara alizomwapia mkewe
kwa Mama wa Mungu, kitandani hospitalini, kwamba ameziacha.

Alivihesabu. Midomo ikitembea bila sauti.
Alipofika arobaini na kitu akaanza kucheka,
kicheko kikavu, cha kumfumania mtu
asiyeweza tena kujitetea.
"Mwongo," alikiambia kidimbwi.
"Mwongo mrefu."

Kereng'ende alitua kwenye mfuniko wa rangi.
Nilingoja aniombe brashi.
Hakuomba. Alilirudisha kopo la samaki mahali pake,
akalisukuma ndani zaidi, mvua isilipate.

Ziwa la tatu silikumbuki vizuri.

Jioni nilijaza fomu mezani kwake
kati ya mkate mweusi na bakuli la maziwa mala.
Umbali: kilomita kumi na moja.
Alama: zipo.
Njia za pembeni:
yeye alikuwa amenipa mgongo,
anasugua vidole kwa mafuta ya taa,
na buluu haikutaka kutoka kwenye kucha.
"Andika upesi," alisema, "supu inapoa."

Pale niliacha wazi.
Mpaka leo ofisi haijauliza.