Amekula?

Kemilembe alipokwenda chuoni Sheffield
aliniachia mjusi, taa mbili, na karatasi
aliyoibandika kwenye friji kwa sumaku ya samaki:

Baba, upande wa taa uwe nyuzi thelathini na mbili.
Upande wa pili upoe, achague mwenyewe.
Usimwekee mchanga, ataumeza, utumbo utaziba.
Nyenje asizidi upana wa kati ya macho yake.
Wanaobaki uwatoe. Usiku watamng'ata.

Nilisoma nikiwa na koti.
Nyumba hii ya Grimsby, kila Novemba,
nyuzi kumi na nane inazisikia kwa jirani.

Jina lake Diwani,
maana hushinda pangoni
na hutoka chakula kikitajwa.
Ana madoa ya chui, mkia mnono kama muhogo,
na jicho la mtu unayemdai
anayeamini kwamba yeye ndiye anayekudai.

Kwetu Bukoba mjusi ni wa ukutani,
hana jina wala bili. Mbu anajitafutia,
na akianguka mezani ni kandambili.
Kaka yangu Rwechungura nikimwandikia
kwamba nanunua nyenje hai, kopo pauni tatu,
nawatikisa ndani ya unga wa kalsiamu
kama maandazi yanavyotikiswa kwenye sukari,
ataniuliza swali moja tu:
na wewe huko unakula nini?

Na kweli. Jumamosi ya kwanza, kopo mkononi,
wanakwaruza plastiki, senene watupu kwa sauti,
nilisimama jikoni nikakitazama kikaango.
Chumvi ipo. Kitunguu kipo.
Na msimu ndio huu, saa hizi kule
mama zangu wadogo wananyonyoa mabawa kibarazani.
Nikafunua kidogo, nikanusa.
Hapana. Hawa wamelelewa kwa karoti dukani,
hawajui mvua, hawajawahi kufuata taa ya mtu.
Nikampelekea mwenyewe.

Kazini napanga minofu juu ya barafu,
glavu mbili mbili. Nikirudi, vidole si vyangu.
Naviweka juu ya kioo cha Diwani
naye anasogea, kidogo tu,
kama mgonjwa anavyompisha mgonjwa kwenye benchi.
Tunaota taa. Hatusemezani.

Jumapili moja luku ilikata, saa tano usiku,
duka la kuongezea salio hadi asubuhi.
Nikapiga hesabu: mimi nina blanketi mbili
na damu yenye moto wake.
Yeye damu yake ni ya kuazima.
Nikamtia kifuani, kati ya fulana na sweta.
Baridi yake! Sarafu iliyookotwa kwenye umande.
Akapanda, akapanda, akatulia kwapani,
nami sikugeuka hadi alfajiri,
mtu mzima wa miaka hamsini na minne
nimelala kama ubao
kwa ajili ya diwani ambaye sikumpigia kura.

Hilo Kemilembe sikumwambia.

Hupiga kila usiku, dakika tano.
Zamani zilikuwa salama mbili na kimya kirefu.
Sasa nina habari: kajivua gamba, kalila lenyewe,
kipande kimeng'ang'ania kidole cha nyuma,
nimemlowesha maji vuguvugu, nimekitoa kwa pamba.
Yeye ana swali lilelile:
"Amekula?"
Wanne. Watano. Leo kagoma.

Jana mtandao ulikuwa mbovu,
sauti inakatika kama uzi wa zamani,
ikanifikia nusu: "...mekula?"
Herufi ya mbele ilibaki Sheffield.
Nikatazama sufuria, ndizi za juzi.
Nikatazama kioo.
"Sita," nikasema.

Akanyamaza.
"Sita nini, Baba?"