Friji Namba Tatu

Umeme umekatika saa nane usiku, Moshi yote,
Soweto, Rau, hata taa za Pasua zimefumba macho.
Simu yangu inalia: friji namba tatu, hasi sabini na nne.
Najua sasa hivi Kundaeli anashuka ngazi na dumu la dizeli,
kandambili zake zikipiga sakafu
pwa, pwa, kama mtu anayedaiwa.

Mule ndani, kwenye kichupa kifupi kuliko kidole cha mtoto,
amelala Mama Aikande wa Machame.
Si yeye mzima. Ni kipande cha koo lake,
ukubwa wa punje ya mchele.

Alikuja kwetu wakati wa masika
na mtori ndani ya chupa ya chai.
"Huu nimeumeza miaka sitini," alisema,
"mwaka huu ndio unanikataa."
Fomu ya ridhaa aliisoma mstari kwa mstari,
miwani ikining'inia kwa uzi wa kufumia,
kisha akauliza lisilokuwamo kwenye fomu:
"Hicho mnachokata, kitanirudia?"
Nikasema, labda si kwako, mama.
"Basi kimrudie mwingine. Lakini kirudi."
Akasaini, akafunga kalamu yangu, akanirudishia.

Tulimzika Julai, kando ya migomba.
Seli zake hazikupewa taarifa.
Kwenye sahani, ndani ya kabati la joto,
ziliendelea kugawanyika kama wageni
wasiojua kwamba sherehe imekwisha.
Tukazidondoshea molekuli ya arobaini na moja,
baada ya arobaini zilizotuaibisha,
na Ijumaa moja zikanyamaza.
Kundaeli alihesabu kwa darubini mara tatu.
Hakusema neno.
Akatoka kwenda kununua maandazi ya watu wote.

Hapo ndipo walio mbali hudhani hadithi imeisha.

Kwetu Uru maji hayashuki yenyewe.
Chemchemi iko juu msituni, mgomba uko chini unanyauka,
na katikati kuna mfongo:
mtu aliuchimba, mtu anauzibua,
na kila Jumamosi watu wanagombana zamu ni ya nani.
Chemchemi tunayo.
Wanaokauka tunawajua kwa majina na namba za kitanda.
Wa kupigwa picha kwenye chemchemi hawakosekani,
wa kukata utepe kwenye bomba ndio usiseme.
Katikati, kwenye matope,
panya themanini, vipimo vya sumu, mfamasia mmoja, miaka mitatu:
huko hakuna mpiga picha.

Andiko la kwanza walisema ni mapema mno.
La pili, mmechelewa, wengine wamekaribia.
La tatu lilirudi na sifa nyingi na neno "hata hivyo".
Nimejifunza kuliogopa neno hilo kuliko uvimbe.
Dizeli wakaikata: si gharama ya kisayansi.
Natamani waje usiku huu
wasimame na Kundaeli gizani
waisikilize sayansi ikiyeyuka
nyuzi kwa nyuzi.

Hasi sabini na mbili.

Kisanduku cha nane cha fomu mpya kinasema:
Eleza manufaa kwa maneno yasiyozidi mia mbili.
Nimeandika takwimu, nimefuta.
Nimeandika neno moja, mtori,
nikalitazama mpaka mwanga wa simu ukapungua,
nikalifuta nalo,
maana lingehitaji tanbihi, na tanbihi hawasomi.

Hasi sabini na moja.

Halafu ng'ambo ya ukuta jenereta linakohoa,
linakohoa tena, linashika.
Sabini na tatu. Sabini na sita.
Ujumbe wa Kundaeli: *Amelala. Dumu limebaki robo.*

Nafungua ukurasa wa bajeti.
Mstari wa kumi na saba, walikoufuta kwa wino mwekundu,
naurudisha: dizeli.
Na mbele yake, kwenye nafasi ya maelezo,
*ili kirudi.*