Mshono wa Ndani

Nilikiona choo changu, cheusi kama lami mpya ya Kondele,
nikajiambia: ni osuga ya jana.
Siku ya pili: ni osuga ya juzi.
Siku ya tatu hakukuwa na osuga,
kulikuwa na mimi tu, jasho baridi,
na geti la mteja wa Mamboleo, nusu limechomelewa.

Mgongo ndio ulioanza.
Miaka miwili nikimeza vidonge vya maumivu,
viwili asubuhi, viwili jioni, tumbo tupu, chai ya rangi,
vimefungwa kwa gazeti kama njugu.

Nilipotapika, Domtila alitazama beseni:
masalio ya chai kwenye kichujio, ila hayakuwa chai.
Hakupiga yowe. Alikaza leso kiunoni
akaita tuktuk.

Wakanipa chupa mbili za damu.
Ya nani? Hawakuniambia.
Wakanipulizia dawa, koo likawa la mtu mwingine.
"Meza," akasema Daktari Khavere,
"meza kama tonge la moto."
Mpira mweusi ukaingia na taa yake mbele.

Kwenye skrini nikajiona:
jekundu, limelowa, kama ndani ya mdomo wa mbuta.
Na pale konani, kidonda kisichofika sarafu,
na mshipa ukirusha damu
kwa mapigo ya moyo wangu mwenyewe.

Kumbe ni kuvuja tu!
Matangi mangapi nimeyaziba Kibuye?
Akadunga sindano pembeni, pakavimba, pakapauka.
Akagusa moto. Akabana kibanio
kidogo kama jino la panya.
Mkono haukutetemeka.
Nilitaka kumuuliza, fundi kwa fundi, alifunzwa na nani,
lakini nilikuwa nimeng'ata plastiki.

"Sasa tunapunguza asidi," akasema.
"Jeraha bichi haliponi likioshwa kwa maji ya betri."
Siku tatu dawa ikadondoka mshipani.
Kisha nyumbani: kidonge kwanza, nusu saa, ndipo uji,
na vingine vya kuua vijidudu, wiki mbili,
mdomo mzima ladha ya chuma.
Hiyo naijua tangu ujana.

Mgongo bado unauma. Vile vya gazeti nimevitupa.
Mteja wa Mamboleo anapiga simu kila siku.

Leo alfajiri nimechungulia shimo la choo kwa tochi,
nikamwita Domtila aje aone rangi.
"Una wazimu," akasema.
Akaja.