Hesabu ya Alula

Siku thelathini na saba, wala si zaidi,
tangu mkuku ulazwe hadi chupa ivunjwe omoni.
Nilikuwa zamu ya usiku pale Richmond, California,
mimi, Verlene Thibodeaux, mtoto wa wakata miwa wa Louisiana,
uso ndani ya kofia ya chuma,
nikishona bamba kwa bamba kwa uzi wa moto.

Jina walilichota katika orodha ya nyota.
Karani akasema ni Kiarabu, maana yake ya kwanza.
Tulicheka hadi tukakohoa moshi.
Meli ya mizigo huwa ya kwanza kwa lipi?
Manowari hupigiwa ngoma,
meli ya unga hupigiwa hesabu.

Falka ya tatu, chini kabisa,
pale ambapo msimamizi hakupenda kuinama,
niliandika V.T. kwa ncha ya moto,
herufi mbili, ukubwa wa jino.
Si kiburi.
Nilitaka tu kitu changu kisafiri.

Baada ya hapo niliifuata kwa barua.
Kaka yangu Alcide alikuwa winchini,
na barua zake zilipita kwenye mkasi wa wakaguzi
hadi zikawa kama pazia la lesi:
Tuko tundu. Juzi tulitoka tundu.
Joto. Tundu. Nisalimie Mama.

Yaliyoponyoka mkasi ni haya:
unga, magunia elfu tisa.
Mayai ya unga, ambayo hata panya waliyasusa.
Viatu vya kushoto vilivyoshushwa kisiwa hiki,
vya kulia vikaendelea na safari.
Na katika falka ya tatu, juu ya herufi zangu,
misalaba myeupe, imekwisha kupakwa rangi,
imefungwa kumi kumi kama kuni,
bado haina majina.
"Wenyewe tunao hapa sitahani," aliandika Alcide,
"wanacheza karata."

Sijui mkasi ulilala wapi siku hiyo.

Serangi wao, Espeseth, mtu wa Minnesota,
alikataza watu kuihesabu.
Ipokeeni, ishusheni, basi.
Lakini usiku Alcide alimwona kwenye mlango wa falka,
midomo inacheza,
kidole kinaruka kutoka fungu hadi fungu.

Ndege iliwajia mara moja tu.
Bomu likatoboa falka ya kwanza,
likazama katika unga
na halikulipuka.
Walilitoa kwa kamba na blanketi,
jeupe, zito, kama mkate usioiva.
Unga haukupewa nishani.

Vita vilipokwisha, wanaume walirudishiwa kazi,
sisi tukarudishiwa sabuni.
Nilifua shuka za hospitali miaka kumi na tisa.
Alcide alirudi mzima, viungo vyote,
ila hakugusa karata tena,
hata siku ya Krismasi, hata watoto walipomlilia.

Alula waliifunga ghuba ya Suisun,
ubavu kwa ubavu na mamia ya wenzake,
zote rangi moja ya majivu.
Jumapili nilipanda basi kwenda kuangalia.
Sikuweza kuitambua.
Ningeitambuaje? Niliijua kwa ndani.

Mwaka wa sabini tagi ikaivuta
hadi Kaohsiung, ng'ambo ya bahari ile ile,
safari hii tupu,
nyepesi hata ikawa inayumba, nasikia, kama mlevi.
Huko mtu nisiyemjua aliwasha moto
mfano wa moto wangu,
akaanza kufumua.

Labda alifika falka ya tatu saa ya chakula.
Labda aliinama.
Pengine jasho lilimwingia machoni, akapita.

Nina sufuria niliyonunua Oakland kwa dola mbili,
chini yake imegongwa muhuri: Taiwan.
Kila nikimaliza kuiosha, huigeuza,
huisogeza kwenye mwanga wa dirisha.
Binti yangu huuliza natafuta nini.
Naangalia kama imetakata, humwambia,
na kuifuta tena pale palipokwisha kukauka.