Mkimbiaji wa Kwanza

Miaka kumi na mmoja nimeujua mgongo wako
kuliko ninavyoujua uso wako, Maite:
namba kumi na nne, mshono uliofumuka begani,
nywele zilizosukwa harakaharaka ndani ya basi
lililotutoa Bahía Blanca kabla ya alfajiri,
upepo ukigonga vioo kama mdai.

Kipa haoni vingi. Huona migongo.

Wengine waliitwa kwa majina na majukwaa ya Rosario,
watoto wakawasukumia fulana watie sahihi.
Wewe kazi yako gazeti halikuwa na neno lake.
Kipenga cha kona fupi kikilia
tunajipanga watano nyuma ya mstari, vinyago usoni,
pumzi zetu wenyewe zikituunguza midomo;
kule ukingoni mwa duara wanainama, wananong'ona,
na mpira ukishasukumwa tu
unatoka.
Huukwepi. Unaukimbilia.

Sheria uliijua kama muuza duka ajuavyo bei:
ukikupiga chini ya goti, wanapewa kona nyingine;
ukikupiga gotini au juu yake, mpira wetu.
"Basi naomba paja," ulisema ukicheka,
ukinipokeza kibuyu cha chai chungu, mrija ungali na moto.

Mama yako, na duka lake la misumari na rangi,
alikagua miguu yako kila Jumapili kana kwamba anapokea mzigo:
la zambarau, Chile;
la kijani, mazoezini;
la manjano, "Hili limechakaa, nani kakuuzia?"
Siku moja hakutania. Alifunga mlango wa stoo
akakaa humo na makopo yake.
Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.
Mimi nilikuambia, kila mara,
ndani ya kinyago, ambako sauti haitoki.

Halafu Rotterdam. Nusu fainali, zimebaki dakika mbili,
nyasi bandia zimenyweshwa mpaka zinang'aa,
na yule Femke wao, mrefu, mkono kama kombeo.
Nilisikia kabla sijaona:
ko,
mlango uliofungwa na mtu mwenye adabu.
Ulikuwa chini, mikono miwili imelikumbatia goti,
madaktari wanakimbia na mabegi yao,
nami nimepiga magoti na makinga yangu yote kama kabati lililoanguka,
nawe, meno yameuma kizuizi cha plastiki,
unauliza:
"Gotini, au chini yake?"

Gotini, Maite. Mpira wetu.

Ulirudi baada ya miezi kumi. Ukakimbia misimu miwili zaidi.
Kisha siku moja kabati lako halikuwa na kitu ila soksi moja.
Mechi mia moja arobaini na mbili.
Mabao: sifuri. Hata la bahati mbaya hukufunga.

Leo umekuja mazoezini, unachechemea kidogo ngazini.
Jazmín, miaka kumi na minane, kucha zimeliwa mpaka nyama,
amekuuliza mtu hufikiria nini akitoka.
"Hesabu hatua," umemwambia. "Nne ni zako.
Ya tano ni ya mpira."

Kisha umekwenda kusimama nyuma ya wavu wangu,
na kwa mara ya kwanza wewe ndiye unayeuona mgongo.
Nasikia unacheka.
Mkanda wa kinga yangu umekaa upande, unasema;
inaonekana umekaa hivyo miaka yote.