Yatakwisha Anapelekwa Baharini

Kaka yangu Nalinga aliniachia vitu vitatu:
tochi ya betri nne, koti la ulinzi,
na mbwa wa rangi ya ganda la korosho
anayeitikia jina la Yatakwisha.
Yapi, hakusema.

Miaka sita wamelinda ghala hapa Mtwara,
mbwa akinusa chumvi usiku kucha
na bahari yenyewe hajaiona.
Nikasema Jumapili hii aione.
Kisha nikaanza kupiga hesabu ya fukwe
kama mtu anayepima unga wa mwisho.

Shangani? Jumapili Shangani imefurika:
watoto wamejifunga madumu kiunoni,
mihogo inakaangwa, bibi harusi anapigwa picha.
Wiki jana kijana alipita na kimbwa cheupe,
mkufu unameta, na watu wakauliza: anaitwa nani?
Wangu sikio moja limetafunwa.
Wangu hataulizwa jina. Ataokotewa jiwe.

Mikindani? Ile njia ninayoijua ya kushukia majini
inapita ubavuni mwa msikiti,
na watu wametawadha.
Siwezi kupitisha pua yenye majimaji
katikati ya kanzu nyeupe.
Hiyo siiti woga.

Msimbati ni mbali. Hashimu wa bodaboda
alinitazama, akamtazama mbwa, akakitazama kiti.
"Mama, godoro nabeba. Mbuzi nabeba.
Juzi nimebeba mlango na fremu yake.
Huyu, nisamehe."

Msanga Mkuu, basi?
Nimewahi kuona abiria wakijibana upande mmoja
mpaka chombo kikainama
kwa ajili ya mbwa mmoja
aliyekuwa mtulivu kuliko wao wote.

Bi Somoe alikuwa anachambua mchele
ng'ambo ya ua. Huyu Bi Somoe
tangu mbwa ahamie kwangu
hukunja buibui na kuhama njia.
Akasema bila kuinua macho:
"Kuna pale nyuma ya mawe.
Hapaogwi, matumbawe yanakata.
Nendeni maji yakitoka, bamvua hili, saa nne.
Na mimi nina chaza zangu za kuokota.
Ila asinisogelee."

Tukaenda kwa miguu.
Yeye mbele, hatua kumi na tano, na ndoo yake.
Mimi nyuma, na kamba.

Yatakwisha hakubweka alipoiona.
Alikaa kitako kama alivyokaa ghalani
akisikia nyayo asizozijua,
sikio zima juu, lililotafunwa likijitahidi.
Wimbi dogo likamgusa kucha.
Akaruka nyuma. Akarudi. Akalionja. Akapiga chafya.
Halafu akaingia, kichwa juu,
kama mtu aliyelipa kiingilio
na risiti anayo.

Nilimkumbuka Nalinga pale, kidogo tu,
koti lake begani mwangu kwenye jua lote lile.
Kamba ikaniponyoka.

Mbwa akatoka majini mbio
na kati ya ufukwe wote ule mtupu,
mawe yote yale, nafasi yote ile,
akachagua kujikung'uta mbele ya Bi Somoe.

"Saba!" Ukelele ukafika ng'ambo ya mawe.
"Mara saba! Na moja kwa udongo!"
Kanga ameinyanyua kwa vidole viwili,
madoa yanashuka kwenye maandishi.
Nikatafuta maneno ya kuomba radhi,
sikuyapata.
Akatazama maji, hayana mwisho.
Akatazama mchanga.
"Haya," akasema, "vyote vipo,"
akabaki na gauni lake,
akachuchumaa kwenye dimbwi, akaanza kufua.

Moja. Mbili.
Mimi nimemkumbatia mbwa, nahesabu naye kimoyomoyo.
Tatu. Nne.
Yatakwisha akabweka, mara moja tu,
na hesabu ikapotea.

"Umeniharibia, Yatakwisha."

Alimwita kwa jina.
Sikusema kitu.
Akachota mchanga, akaanza tena, moja.